Begi la Kilo Saba

Kibaoni, Ifakara

Mama Asteria,

Amekwenda. Nimeanza na neno hilo kwa sababu najua usingenivumilia nikianza na salamu na habari za mvua, kama nilivyozoea. Mtoto wetu alipanda ndege, akafika Uholanzi, na jana nimepokea barua yake ya kwanza. Ameshaanza masomo yake ya maabara. Yuko salama. Sasa nina nafasi ya kukueleza kwa utaratibu, maana ndani ya safari hii kuna jambo la kuungama, na mtu wa kumwungamia ni wewe.

Unakumbuka siku tatu kabla hujatutoka. Asteria alikuwa jikoni anakukorogea uji. Ulinishika mkono ukasema: "Mwambie mwanangu aende akasome. Ile nafasi ya kwanza aliikataa kwa ajili yangu, nami nikajifanya sijui. Asije akaikataa ya pili kwa ajili yako." Nikakuitikia. Tukakuzika, arobaini ikapita, nguo zako zikagawiwa, na ujumbe ule sikuutoa. Nilijiambia nangoja kwanza atulie. Si kweli. Niliogopa nyumba. Asubuhi nikimsikia anaburuta ndoo uani nilishukuru kwamba kuna mtu wa kuburuta ndoo.

Kisha ile nafasi ya pili ikaja kweli. Asteria alinisomea barua akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka chini ya redio. "Tutaona, Baba," akasema. Nami, mwalimu mzima niliyestaafu kwa heshima, nikajibu: "Ndiyo mwanangu, tutaona." Ikakaa chini ya redio hiyo wiki mbili. Yeye aliogopa kuniacha peke yangu na hakutaka kusema. Mimi nilikuwa na maneno yako mdomoni na sikutaka kuyatema.

Aliyetusukuma ni wifi yako Klementina. Alikuja kutoka Michenga na kuku wake, akaiona barua, akaniuliza: "Kaka, mnangoja nini? Ndege ije itue hapa Kibaoni?" Tukaona aibu wote wawili, tukaanza maandalizi. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuzungumzia safari yenyewe, tukazungumzia begi.

Nikueleze, maana wewe hukuwahi kupanda ndege na mimi pia sijapanda, ila nimesoma masharti yote. Msafiri ana mizigo ya aina mbili. Begi kubwa huchukuliwa, likawekwa tumboni mwa ndege, na huwezi kulifikia mpaka ushuke. Begi dogo unaingia nalo mwenyewe na kuliweka juu ya kiti chako. Lina vipimo vyake vya urefu, upana na kina, na lisizidi kilo saba. Humo ndimo unaweka vitu ambavyo vikipotea safari imeharibika. Kwa Asteria vilikuwa vyeti vyake, nguo za kubadilisha, na picha ya kifua. Ndiyo, eksirei. Wazungu wanataka kuiona mlangoni kabla hawajakubali kwamba huna kifua kikuu. Na eksirei, kama unavyojua kutokana na zile zako, ni pana kama sinia na haikunjwi.

Kwanza nilimtolea sanduku langu la chuo cha ualimu, lile lenye pembe za bati. Aliliangalia kama mtu anavyomwangalia mgonjwa asiyejua kwamba anaumwa. "Baba," akasema, "hili wataniuliza nimetoka vita gani."

Basi nikatafuta vipande vya mbao nyepesi, nikachukua ile rula yangu ya ubaoni, nikaunda fremu yenye vipimo vilevile vilivyoandikwa kwenye masharti yale. Begi lolote lililoweza kupita ndani ya fremu lingeingia kwenye ndege, na begi lolote lililoweza kumeza eksirei bila kuikunja lingetufaa. Tukaenda sokoni, mimi na fremu yangu begani, yeye na bahasha ya kifua chake, na watu wote wa Kibaoni wanatuamkia na kutuuliza tunakwenda kutundika picha ya nani.

Mama Zulfa, yule anayeuza mabegi ya mtumba karibu na stendi, alitupokea vizuri. La kwanza alilotuonyesha lilikuwa jekundu, gumu, linang'aa. Asteria alilipenda papo hapo. Eksirei iliingia, lakini begi lilikataa kupita kwenye fremu. La pili lilipita, ila zipu ilikwama kwenye kona. Nikamweleza Mama Zulfa kwamba zipu inapimwa kwenye kona, si kwenye mstari ulionyooka, kwa sababu pembeni ndipo meno hukaa vibaya. Nikafungua na kufunga mara kumi na mbili. Akaniambia: "Shikamoo Mwalimu, lakini hapo unachagua begi au unachumbia?" Wateja wakacheka. Nikamjibu kwamba nilipochumbia sikuchukua muda mrefu hivi, na huo ni ukweli, wewe ni shahidi.

La tatu lilikuwa la rangi ya damu ya mzee. Kitambaa kizito, mgongo mgumu ulionyooka kama ubao, kwa hiyo picha ingeegemea bila kujikunja. Mfuko wa nje wa pasi na tiketi. Magurudumu mawili madogo na mpini wa kuchomoa. Mimi magurudumu sikuyataka. Nikauliza yatazungukaje kwenye mchanga wa Ifakara, na masika je? Asteria akaniambia: "Baba, siendi kulivutia hapa. Huko ni sakafu tupu."

Akauchomoa ule mpini, akalivuta kwenye baraza ya saruji ya Mama Zulfa, hatua kama kumi, akageuka, akarudi. Shingo imenyooka, kichwa juu, kile kitenge chako cha bluu kiunoni. Mama Asteria, tangu tukuzike sikuwa nimemwona akitembea hivyo. Alikuwa anatembea kama mgonjwa wake bado amelala chumba cha pili. Pale barazani alitembea kama mtu anayekwenda mahali. Nilipaswa kumwambia pale pale. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikamwambia: "Magurudumu nayo si mabaya."

Wiki ya mwisho nyumba ikajaa. Unawajua watu wa kwetu, hakuna anayekubali mtu asafiri mikono mitupu. Klementina alileta mfuko wa mchele mpya wa Michenga na samaki wakavu waliofungwa kwenye gazeti, akasema visiingie begi kubwa kwa sababu huko tumboni mwa ndege huenda kuna panya. Asteria hakuweza kumkatalia shangazi yake. Na mimi, nikwambie yote, nilitia kamusi. Ile kubwa. Nilifikiri atakuwa peke yake na neno moja moja la nyumbani litamfaa.

Ikabaki kupima uzito. Hatuna mzani, kwa hiyo nikalipeleka begi pale mashine ya kukobolea, kwa yule mnunuzi wa mpunga mwenye mzani wa kuning'iniza. Akalitundika kwenye ndoano. Mshale ukatulia saba kasoro kidogo. Nikampa mkono, nikarudi nyumbani kifua mbele, nikawatangazia: kilo saba kasoro, na mchele umo, na samaki wamo, na kamusi imo.

Najua sasa hivi unacheka. Subiri.

Tulishuka na treni mpaka Dar es Salaam. Kufika uwanja wa ndege, begi kubwa likapita bila neno. Dada wa kaunta akaliangalia lile dogo, akasema: "Na hilo pia, tafadhali." Akaliweka kwenye mzani wake. Kilo tisa na nusu. Nikamwambia kwa upole kwamba mzani wake una hitilafu, maana begi hilo limepimwa Ifakara. Akaniuliza: "Kwa nani, Baba?" Nikamjibu kwa fahari: "Kwa mnunuzi wa mpunga." Mzee mmoja nyuma yetu kwenye foleni akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Mwalimu," akasema, na sijui alijuaje kwamba ni mwalimu, "mzani wa mnunuzi wa mpunga ulishawahi kusema kweli lini?"

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Kila mavuno ulikuwa unanyanyua gunia kwa mikono miwili, ukaliegemeza nyongani, ukaniambia mzani wa yule bwana una njaa, unakula sehemu ya kila gunia. Na mimi nilikukalisha chini nikakufundisha habari za springi na mvutano, nikakwambia kwamba chuma hakina tamaa. Miaka yote ile ulikuwa sahihi. Nilipuuza mikono yako nikaamini mshale wa mtu anayenunua. Nisamehe. Darasa lile la springi nalifuta.

Lakini Asteria hakucheka. Alichuchumaa pembeni, akafungua begi sakafuni, akawa anaangalia vitu bila kugusa. Kisha akasema taratibu, bila kuniangalia: "Labda hii safari haikupangwa, Baba. Turudi tu. Wewe mwenyewe umekonda."

Nikaona. Alikuwa akitafuta sababu tangu siku ya barua, na sasa mzani umempa. Neno moja langu lingetosha. Ningesema "Haya mwanangu," tungepanda treni ya kurudi, angekaa Kibaoni akiniburutia ndoo mpaka nife, na wote wangesema ni mtoto mwema.

Nikapiga magoti pale sakafuni, na unajua magoti yangu yalivyo. Nikamwambia: "Mama yako alinipa ujumbe wako. Nilipaswa kukupa zamani." Nikayasema maneno yako yote kama ulivyoyasema, hata lile la kujifanya hujui.

Akanigeukia. "Alisema lini?"

"Siku tatu kabla hajafariki."

"Na umekaa nao muda wote huu?"

"Nimekaa nao."

"Kwa nini, Baba?"

"Kwa sababu nilitaka ubaki."

Nilidhani atanikasirikia, na alikasirika. Aliangalia pembeni, macho yamejaa, huku watu wanne wakipita mbele yetu kwenye foleni. Halafu akasema: "Kwa hiyo alijua. Mimi nilimwambia wamefunga nafasi." Akalia sasa, kilio kile ambacho hakulia makaburini, kamasi na kila kitu, na katikati yake akaanza kucheka, akisema: "Mama jamani! Alijua, akaninyamazia!" Wewe na mwanao mlikuwa mnafichana kitu kimoja miaka miwili, na mimi nikawa wa tatu.

Akajifuta kwa pindo la kitenge. Akautoa mchele, akanipa. Akawatoa samaki, akanipa. Akaishika kamusi, akaifikiria kidogo, akanipa. "Maneno ninayo, Baba." Picha ya kifua ilikuwa imenyooka pale pale ilipoegemea. Akafunga zipu, kona zote nne, bila kukwama. Dada wa kaunta akapima tena, akamwambia: "Safari njema, mdogo wangu."

Alinishika miguu, akaondoka. Kwenye ile sakafu tupu magurudumu hayakutoa hata sauti. Aligeuka mara moja tu. Nilitegemea kuumia, nami niliumia, lakini chini ya maumivu kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukijua mara moja. Nilikaa kwenye benchi na mchele wangu mapajani nikakitafakari. Kilikuwa wepesi. Tangu ufe nilikuwa nimebeba maneno yako kama mtu anayetembea na kokoto kinywani, na sasa nilikuwa nameza mate kama watu wengine.

Klementina aliponiona nashuka kwenye treni na mfuko wake ule ule, alisema: "Kumbe umemsindikiza mchele Dar ukarudi nao!" Tukaupika, tukala na wale samaki. Walikuwa watamu.

Katika barua yake anasema mlangoni waliomba eksirei kabla hata hawajatazama pasi, na mama mmoja mbele yake alikuwa ameikunja yake, akaambiwa akapigwe nyingine. Anasema wenzake wameuliza begi amelinunua duka gani, akawajibu kwa Mama Zulfa, nao wakadhani ni jina la duka kubwa. Anauliza nakula nini. Anauliza mara nne, kwa maneno tofauti.

Nakula, mke wangu. Nimekaribia kujifunza kupika wali usioungua chini. Asubuhi naburuta ndoo mwenyewe, taratibu, napumzika kwenye ngazi. Jirani ananisaidia kufua. Nyumba ni kimya, sitakudanganya, lakini ule uoga nilioungojea umekuja, umekaa siku chache, na umeona hakuna cha kufanya hapa, ukaenda zake.

Wiki hii nina homa kidogo. Si kitu, nimeshakwenda hospitali kwa miguu yangu na vidonge ninavyo. Leo nitamjibu Asteria, na nitamwambia kuhusu hiyo homa, kwa sababu nimekoma kumficha mambo. Ila nakuahidi hapa, wewe ukiwa shahidi, kwamba katika barua hiyo na zote zitakazofuata, nikiwa mzima au nikiwa kitandani, hatalikuta neno "rudi". Siku akirudi, atakuwa amerudi kwa sababu amemaliza.

Pumzika sasa. Ulichonituma nimekifikisha.

Mumeo,
Baba Asteria