Wakaikemea Kazi ya Nekesa

Jumamosi, jioni. Baridi ya Julai imeingia mtaani kwetu Kaloleni bila kubisha hodi, na mimi nimechefuka kiasi kwamba siihisi.

Leo ilikuwa siku ya taaluma shuleni kwa Nekesa, binti wa dada yangu Nafula. Jumatatu ndiyo mwisho wa kuchagua mkondo wa sekondari ya juu: sayansi, masomo ya jamii, au sanaa na michezo. Wazazi tuliitwa tusaidiwe kuwasaidia watoto. Nafula alifunga kibanda chake cha viatu sokoni Kariokor akanivuta nami, eti mimi ndiye msomi wa nyumba. Usomi wangu nimeuokota kwenye magazeti yanayofungiwa nyama, lakini sikubisha. Palikuwa na chai.

Nilitarajia tuambiwe somo gani linampeleka mtoto wapi. Badala yake aliletwa mgeni mwenye suti ya kung'aa, aliyejiita mshauri wa hatima. Kabla hajaishika maikrofoni nilijua habari ya fizikia hatutaisikia.

Utaratibu wake ni huu: mtoto anasimama, anataja kazi anayoitaka, mgeni anafumba macho, kisha anaipokea au anaikemea. Rubani ilipokewa. Daktari ilipokewa mara nyingi hadi nikawaza ni nani atakayebaki kuugua. Kijana mmoja alisema fundi bomba. Ikakemewa, wazazi tukapiga makofi, na choo cha shule kimeziba.

Kisha akasimama Nekesa. Huyu ukimtuma nyama soko la Burma anakawia, kwa sababu halipi mpaka aonyeshwe muhuri wa mkaguzi. Wauzaji wanamwita Afisa. Akasema kwa sauti safi kwamba anataka kuwa mkaguzi wa nyama.

Ukumbi ukacheka. Kijana wa nyuma akasema, "Afisa wa matumbo."

Mgeni hakucheka. Alimwekea mkono kichwani.

"Hiyo ni roho ya machinjioni. Ishindwe."

"Ishindwe," tukaitikia.

"Naona joho. Naona wakili. Mama yake yuko wapi? Mama, sema amina."

Nafula akasema amina. Na mimi pia. Mdomo wangu ukisikia maikrofoni unaitikia bila kuniuliza.

Aibu.

Mwalimu wa ushauri, ambaye analipwa kwa kazi hii hii, alikuwa mstari wa mbele akirekodi kwa simu. Nilimfuata baadaye nikamuuliza kama mkaguzi wa nyama anahitaji sayansi. Akasema ndiyo, hasa biolojia, tena ni kazi nzuri. Nikamuuliza mbona hakusema. Akanijibu kwa upole kwamba mgeni alikuwa na upako.

Njiani Nafula alikuwa ameshaanza kumwita bintiye Mheshimiwa. Atachukua masomo ya jamii, alisema, hayo mambo yamekwisha. Nekesa alitangulia mbele bila kubisha. Mtoto anayebishana hata na redio.

Tukapitia Burma, Nafula akanunua nyama ya kusherehekea. Nyumbani akaitoa kwenye gazeti akamnyooshea Nekesa kama kawaida, maana kwetu nyama haiingii sufuriani kabla huyu mtoto hajaigeuza na kuinusa.

"Hebu niangalizie hii."

Nekesa hakuipokea.

"Mimi ni wakili, mama. Ulisema amina."

Nafula akaigeuza mwenyewe, akainusa, akanitazama mimi. Mimi najua nini? Tumekula ugali na sukuma wiki, nyama ikitutazama kutoka kwenye sahani, na hakuna aliyethubutu kuiwashia jiko.

Yule wa suti hata hanisumbui sana. Anauza anachouza. Kinachonitia kichefuchefu ni ukumbi mzima wa watu wazima, mimi nikiwamo, kumkemea mtoto kwa kuwa anajua hasa anachokitaka.

Jumatatu, kabla ya kengele, nitakuwa mlangoni kwa mwalimu wa ushauri nikidai sayansi. Nimemwambia Nafula hivyo, nikangoja ugomvi.

Hajasema amina. Hajasema hapana. Ameichukua ile sahani, akaenda nayo jikoni Nekesa anakooshea vyombo, na nimemsikia akiuliza polepole:

"Afisa, tupike au tutupe?"

Nekesa amefunga bomba. Kisha mtoto akaomba taa isogezwe karibu.