Shati Jeupe na Mapigo Sitini

Dada mpendwa,

Kabla sijakusalimu, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: Jumanne nilimfuata baba kazini kwa kunyata, kama mwizi. Sasa shikamoo. Natumai wewe na shemeji hamjambo, na mtoto kikohozi kimemwachia. Huku sote tu wazima, ila nyumba haina amani.

Unakumbuka ofisi yao ilivyofungwa, baba akakaa nyumbani miezi minane. Alipotuambia amepata kazi ya ukarani kwenye ghala, ya kukaa kitini na kalamu, mama alimshonea mashati mawili meupe. Sasa mashati hayohayo ndiyo yanayomnyima usingizi. Anasema shati la mtu aliyeshinda kazini halirudi na kola safi namna ile, tena likinukia sabuni isiyo yetu. Anataka kujua baba analivulia wapi. Amekwisha kumwita mjomba, aje mwisho wa mwezi wamweke baba kikao.

Mimi nilikuwa na shaka yangu nyingine. Kwa kuwa nataka kusomea uuguzi, kila jioni najizoeza kupima mapigo ya moyo, na baba ndiye mgonjwa wangu. Hunyoosha mkono akiuliza, daktari, bado nipo? Alipoanza kazi alikuwa na mapigo sabini na nane kwa dakika. Yakashuka hadi sabini, sasa ni sitini. Tena anakula sahani mbili na tumbo linazidi kwisha.

Shuleni tulifundishwa kwamba damu hubeba sukari ya chakula na hewa tuliyovuta hadi kwenye misuli, na humo sukari huchomwa polepole bila moto, ndipo nguvu hutoka. Mtu wa kukaa hachomi sahani mbili. Na moyo uliozoea kazi ngumu husukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo mwenyewe akipumzika, nao hupiga taratibu. Kiti hakimpi mtu moyo wa namna hiyo. Nikaogopa kwamba mama hajakosea, kuna nyumba nyingine anakolima au kujenga.

Dada, hakuna nyumba. Nilimwona kupitia uwazi wa geti la ghala akitundika shati kwenye msumari, juu ya ndoo ya kuogea na kipande cha sabuni, akavaa fulana iliyochanika, akainama apakiwe mfuko wa saruji mgongoni. Wenzake wanamwita Bosi. Mmoja alimuuliza mbona leo bosi amesahau tai, naye akacheka huku amebeba.

Jioni ile nilipomshika mkono, mama alisimama mlangoni akaniuliza, kwa sauti ya kuchoma, kama vipimo vyangu vinaonyesha pia mtu anakovulia shati. Mapigo ya baba yakaruka chini ya vidole vyangu hadi nikashindwa kuhesabu. Nilijibu kwamba vinaonyesha moyo wa mtu anayefanya kazi kupita kiasi, basi. Baba akanitazama, akajua kwamba najua. Baadaye, uani, aliniomba nimwachie amwambie mama mwenyewe kabla mjomba hajafika.

Kwa hiyo mama akikupigia simu akilia, msikilize tu. Hata akiapa kwamba kuna mwanamke, usimwambie. Nakuomba sana, dada, barua hii isionwe hata na shemeji.

Nisalimie mtoto.

Mdogo wako akupendaye