Siku Mama Aliposema Barazani

Karibu na kanisa la kijijini,
Linkoln, Uingereza.
Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, 1363.

Mpendwa kaka Thurstan,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Bordo, na wifi yangu, na kile kitoto ambacho bado hatujakitia machoni? Sisi tu wazima. Tauni imetupita mbali mwaka huu, Mungu ashukuriwe.

Usishangae kuona barua hii haiko kwa Kifaransa wala Kilatini, bali kwa Kiingereza chetu. Padri Wilkin, anayeniandikia, ananung'unika kwamba hajui hata maneno yetu huandikwaje. Nimemwambia aandike anavyosikia.

Kaka, tulikaribia kupoteza nyumba. Msimamizi wa bwana mwenye ardhi alidai kwamba marehemu baba alipotoa lile shamba, alitoa na nyumba pia. Unakumbuka baba alivyosimama barazani, wanasheria wakibwabwaja Kifaransa chao, naye, bila kuelewa neno, akawa anaitikia kwa kichwa tu, kwa heshima. Mama hakulala vizuri tangu barua ya kuitwa ifike, nami nililia hadi macho yakavimba.

Lakini sasa kuna amri ya mfalme kwamba kesi zisemwe kwa lugha yetu. Mwanasheria wa msimamizi alianza kwa Kifaransa kwa mazoea, hakimu akamkatiza. Alipogeuza ulimi alibabaika, na mama akamwambia kwa upole, “Taratibu mwanangu, utazoea.” Baraza zima likacheka.

Kisha hakimu akamuuliza mama kama ni kweli mumewe alikubali. Mama alisimama wima, mzee yule.

“Aliitikia kwa kichwa, bwana hakimu. Hata farasi huitikia kwa kichwa siku nzima, wala hajatoa nyumba ya mtu.”

Nyumba ni yetu, kaka.

Jioni mama alijisifu kwamba alisema lugha safi ya mababu. Padri akamtania kuwa hiyo lugha yenyewe ilikuja kwa mashua na Wasaksoni, ikala chungu kimoja na watu wa Denmaki, na kwamba nusu ya maneno aliyoyatumia barazani ni ya Wafaransa. Mama hakutetereka. Alisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hayo maneno yana miaka mia tatu hapa, yaache yalime.

Kesho yake alikwenda kaburini kwa baba akamweleza kesi yote, neno kwa neno. Nilimsubiri mbali kidogo.

Anakusalimu sana, pamoja na shangazi Rohese na Padri. Ana ombi moja tu. Anajua mkeo ni wa huko na nyumbani mnasema Kifaransa. Anaomba umfundishe mtoto lugha yetu, hata kidogo. Anasema nyumba anamtunzia, ila siku atakapoingia mlangoni na bibi yake akamsemesha, asije akaitikia kwa kichwa.

Mungu awafunike kwa mkono wake.

Ni mimi dada yako, nisiyechoka kukupenda,
Emmot