Bibi Hafi Ukurasa wa Mwisho

Bibi yangu mpendwa, shikamoo.

Milima ya Uluguru imejifunika ukungu hadi kiunoni, pengine kwa aibu ya mambo yanayotendeka katika darasa letu la kuandika hadithi. Mkufunzi wetu ni mhakiki. Ameagiza kila mmoja aanze na dhamira, kisha ujumbe, kisha falsafa. Hadithi yenyewe itafuata ikipata nafasi.

Mimi nilipeleka ile ya siku ulipoacha kusonga ugali, ukamfukuza mbuzi wa balozi wa nyumba kumi kwa mwiko.

“Huyu bibi anawakilisha tabaka gani?” akauliza.

“Anamwakilisha bibi yangu, Mwalimu.”

Darasa likacheka, yeye akatoa hukumu. Lazima ufe ukurasa wa mwisho ili ujumbe ujitokeze, la sivyo hadithi yangu haitasomwa mbele ya wageni Jumamosi.

Nikasimama. “Mwalimu, tumekwisha kuwaua akina bibi wangapi vitabuni ili wanafunzi wapate alama?”

Mwanaidi, mwenzangu wa Mgeta, akanivuta shati. “Kaa chini, bwana! Mie njaa imeniuma bibi yako aliposonga ugali. Ila mbuzi wako kachelewa mno kuingia.”

Huo ndio uhakiki, Bibi! Mbuzi sasa anaingia sentensi ya kwanza.

Jumamosi sitasoma. Basi wewe ule vizuri, ucheke, ufukuze mbuzi. Uhai wako nimeupigania hadharani; usiniangushe.

Mjukuu wako mkaidi,
Tumaini