Beseni Jekundu la Mama

Shoga, uko? Nimejifungia chooni huku kwenye maonyesho ya picha ya mdogo wangu. Soma tu, usinipigie.

Mkuu wa ukumbi kashika kipaza sauti, kasema eti mdogo wangu ndiye WA KWANZA kuleta picha za rangi humu zikatundikwa kama sanaa. Wa kwanza! Watu wakapiga makofi mpaka na mimi nikapiga.

Rangi, shoga! Si wapiga picha wote tulikuwa tunasema rangi ni za harusi na matangazo ya sabuni? Miaka yote hii mimi na picha zangu za nyeusi na nyeupe, mimi ndiye niliyekuwa naitwa msanii.

Na unajua picha gani imejaza watu? Jikoni kwa mama. Beseni jekundu juu ya kiti cha bluu, ukuta wa kijani. Beseni! Na asubuhi aliyoipiga nilikuwepo, tumesimama bega kwa bega, na mimi nikalipiga picha beseni hilohilo. Yangu ndiyo ile mama kaitundika sebuleni.

Roho inaniuma, shoga. Beseni lenyewe linawaka, utadhani limeoshwa sasa hivi.

Nikamvuta mama pembeni. "Mama, sema kweli, hii na yangu ipi nzuri?" Nilijua atanitetea.

Akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, kumbe ile ya sebuleni nayo ni jikoni kwangu?"