Baba, King'amuzi Kilikuwa Kizima

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, na kalamu imesimama hapo kidogo ikingoja marahaba yako, ile ya kuvuta ya watu wa Kigwa. Ni miezi sita tangu tukuzike, na bado sijajifunza kuanza kuzungumza na wewe bila kukuamkia.

Nakuandikia kwa sababu jana nimekileta king'amuzi chako mjini. Kaka Maganga alisema vitu vya nyumbani tuvigawane kabla mchwa hawajatugawia, nami sikutaka kitanda wala baiskeli. Nikachukua kile kiboksi cheusi, cha pili, pamoja na rimoti uliyoifunga kwa kipande cha mpira wa tairi ili betri zisidondoke. Nimekifunga hapa Kanyenye kwenye televisheni yangu, nikachomeka ule waya wa rangi tatu, nikakaa kutazama. Picha imetoka safi, baba. Nimeona mpaka vifungo vya shati la msomaji wa habari. Nikazima, nikaenda kukaa uani.

Unakumbuka tulivyokinunua kile cha kwanza? Mama alikuwa ametuacha, nawe umebaki peke yako katika nyumba ya vyumba vitatu, ukikataa katakata kuhamia kwangu. Ulisema mjini watu wanaamkiana kwa honi. Basi nikaona angalau nikupelekee sauti za watu ndani ya nyumba. Dishi likapanda juu ya bati, majirani wakaja kuangalia, nawe ukajifanya hushughuliki. Wiki haikupita ukawa unanipigia simu kunisimulia habari za nchi kana kwamba mimi ndiye niliye kijijini. Jumapili ukitoka kanisani kwetu Moravian ulikaa kusikiliza kwaya za kwenye televisheni na kuzitafutia makosa. Mpira uliupenda pia, ingawa timu zote uliziita za wavivu.

Masika ile radi ikapiga, kikafa. Hata ile taa nyekundu haikuwaka. Nikamchukua Fundi Kibwana, ambaye banda lake limepakana na cherehani yangu, tukaja naye Kigwa. Nilifanya kosa moja: nilikutajia kwenye simu kwamba ni Mzaramo wa Kisarawe, mtani wetu sisi Wanyamwezi. Alipofika mlangoni ulikuwa umeshajiandaa. Ukamwuliza ametoroka lini, maana wewe mtumwa wako ulimwacha pwani akichota maji. Naye akajibu kwamba amefuata mzigo wa pembe ambao babu yako aliutua njiani akakimbia. Nilikaa pembeni nikiwatazama watu wawili ambao hawajawahi kuonana wakitukanana kama ndugu. Babu zenu walipokuwa wakishusha mizigo pwani kwa mabega, ndivyo walivyopatana kwa chakula na kwa kuzikana, na ninyi mliurithi ule utani mzima mzima.

Alibadilisha adapta, picha ikarudi. Wakati wa kuondoka akamkamata jogoo wako bila kuomba, kwa haki ya mtani, nawe ukamsindikiza kwa matusi mpaka barabarani. Ulirudi umefurahi kuliko nilivyokuona tangu msiba wa mama. Nilijisifu moyoni kwamba nimekupatia fundi na rafiki kwa safari moja.

Baada ya mavuno ukaanza kupiga simu tena. "Mayu," ulisema, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mama yako na hukuwahi kuniita Kalunde, "king'amuzi kimeanza tena. Picha ina ukungu. Pembeni inaliwa." Nami nikafanya kile tunachofanya sote. Nilikwambia chomoa, hesabu mpaka kumi, chomeka. Ulitii kama mwanafunzi. Nilikusikia ukihangaika na ukuta, ukigonga kichwa cha waya huku na huku, mpaka nikaishiwa subira. Ukasema tundu halionekani vizuri, humu ndani kuna giza. Nikakwambia fungua dirisha. Ilikuwa saa saba mchana, baba, na jua la Kigwa unalijua.

Simu zikawa za kila siku. Mara nyingine nilikuwa na sindano mdomoni na mteja mbele yangu, nikikuitikia nusu nusu. Nilikufundisha kubonyeza rimoti kwa kuhesabu vitufe kutoka juu. Nilikwambia ufute dishi, usogeze waya, ukizime usiku kucha kipumzike. Nilizungumza kuhusu kile kiboksi zaidi kuliko nilivyowahi kukuuliza umelalaje. Mwisho nikamwomba Kibwana twende tena.

Siku hiyo alipanda juu ya bati, akashuka, akafungua kila kitu akafunga. Akakaa mbele ya televisheni akiikagua picha muda mrefu. Kisha akageuka akakutazama wewe, siyo mashine.

"Mtani, king'amuzi kizima hiki," akasema. "Kibovu ni macho yako. Digitali haina ukungu. Ikiharibika inaganda vipande vipande, au inakata kabisa."

Tulicheka. Ulimjibu kwamba macho yako yaliharibika siku ulipomwona Mzaramo wa kwanza akifanya kazi. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, mpaka nikafuta machozi kwa kanga. Njiani kurudi mjini alianza kusema, "Dada Kalunde, yule mzee," nami nikamkata kwa kicheko kilichokuwa kimebaki, nikasema ninyi watani hamna dogo. Akanyamaza. Nimefikiri sana juu ya kunyamaza kule. Mtu aliyekwisha kuzungumza kama mtani atarudi vipi kuomba aaminiwe? Kwetu neno la mtani halichukuliwi kwa uzito. Ndiyo heshima yake, na ndiyo iliyotuponza.

Nikachukua king'amuzi nikakirudisha dukani nilikokinunua. Wakakiunga kwenye televisheni yao, kikaonyesha vizuri kabisa. Binti wa pale akanieleza kwa adabu kwamba hakina kasoro, nikamjibu kwamba hapa kinaonyesha kwa sababu dishi lao ni kubwa. Akaniuliza nani ametazama nyumbani. Nikasema baba yangu. Akaniuliza mimi mwenyewe nimetazama? Nikamwambia asinifundishe kazi yake, maneno ambayo hata mimi sikuyaelewa. Watu waliokuwa kwenye foleni wakaniunga mkono, maana kila mmoja alikuja na hasira yake. Mwishowe wakanibadilishia, nadhani ili niondoke. Nilitoka pale nimeshinda, kiboksi kipya kwapani.

Nikakuletea, nikakifunga mwenyewe, nikakuuliza picha ikoje. "Sasa safi, mayu," ukasema. "Imekuwa safi kabisa." Simu zako zikakoma, nami nikashukuru Mungu kwamba lile jambo limekwisha.

Mama Shija, jirani yako, ndiye aliyeniita miezi mingi baadaye. Hakutaka kusema kwenye simu. Nilipofika alinipeleka bandani wanakochambulia tumbaku, pale ulipokaa misimu yote ya maisha yako ukilitazama jani mara moja tu na kulitupa kwenye fungu lake, na hakuna mnunuzi aliyethubutu kubishana na jicho lako. Akaniambia kwamba msimu mzima ulikuwa ukichanganya majani. La dhahabu na la kahawia uliyaweka pamoja. Hawakukwambia. Ulipokwenda nyumbani kula, wao walibaki wakafumua mafungu yako, wakayapanga upya, wakayafunga kwa mafundo yako ili usijue. Alinieleza haya akiwa ameinamisha kichwa kana kwamba wao ndio waliokosa. Kijiji kizima kilikuwa kikikuona, baba, na mimi nilikuwa dukani nagombana na binti wa watu.

Daktari wa macho alitumia muda mfupi. Alisema ni presha ya macho, kwamba hula pembeni kwanza kisha husogea katikati, kwamba haiumi. Alisema palipokwisha kuliwa hapatarudi. Kisha akauliza, akinitazama mimi, hali hii ilianza lini.

Ulinitangulia kujibu. Ulipapasa mpaka ukalipata goti langu, ukaweka mkono wako hapo, ukasema, "Mwezi uliopita, daktari. Imenijia ghafla tu." Daktari akakutazama, akaandika kitu, hakuuliza tena. Ukiacha ile safi kabisa ya king'amuzi kipya, hukuwahi kusema uongo mbele yangu, mzee wa kanisa uliyetuchapa kwa uongo wa kulamba sukari. Ulianza kwa ajili yangu, uzeeni, mbele ya mtu aliyejua kwamba si kweli. Niliuacha mkono wako pale gotini. Nami sikusahihisha.

Ukaja Kanyenye mwaka ule wa mwisho, sasa bila ubishi. Nilikufungia televisheni nawe ukaisikiliza umeigeuzia sikio, uso ukiwa umetazama ukutani. Kibwana alikuja kila jioni akifunga banda. Alikuwa akikueleza mpira, nani amevaa nini, nani ameanguka, na kila bao alilipa mfungaji Mzaramo hata kama timu zote zilikuwa za Ulaya. Ulimtukana kwa sauti iliyokuwa ikipungua. Nilikuwa nikiwasikia nikiwa jikoni, na mara nyingi nilitamani utani ule unipate hata mimi, anitukane mtu, anitajie kosa langu huku anacheka.

Ulipofariki watu wa Kigwa walitegemea vituko. Walijua una mtani wa kweli kutoka pwani, na msiba wa Mnyamwezi bila mtani ni kama umepungukiwa watu. Walimwachia Kibwana nafasi kando ya kaburi avae kofia yako, aigize unavyotembea, aseme umekufa na jogoo wa watu. Alisimama na kofia ile mkononi. Akasema hawezi leo, akawaomba radhi wazee, akashika jembe akafukia kama wengine. Wengine walinung'unika. Baadaye alinifuata nilipokuwa nanawa.

"Dada, siku ile sikuwa natania," akasema. "Nilitafuta namna nyingine ya kumwambia mzee, sikuipata."

Nilimwambia najua. Alidhani nasema hivyo kumfariji.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa mapema, baba, na ndiyo sababu ya barua hii. Kila mtu hapa ananionea huruma kwamba sikujua. Kaka Maganga anasema nani angejua, ugonjwa wenyewe hauumi. Mchungaji alisema vivyo hivyo. Hata wewe ulikufa ukiamini kwamba unanifichia kutojua kwangu.

Siku ile Kibwana alipokuwa juu ya bati akigeuza dishi, tulikuwa mezani mimi na wewe. Ulisema mgeni hawezi kukaa kwako bila chai hata kama ni mwanao, ukachukua birika. Ulianza kumimina kando ya kikombe. Chai ilikuwa ikianguka mezani, nawe ulikuwa ukitazama pale pale kwa utulivu, ukinisimulia habari za mvua. Sikupiga kelele. Sikukushika mkono. Nilikisogeza kikombe kwa kidole, polepole, kisitoe sauti, mpaka kikafika chini ya chai, kikajaa. Nikapangusa meza kwa pindo la kanga. Nikasema asante, baba, nawe ukatabasamu.

Nilijua. Kwa muda wa kujaza kikombe kimoja nilijua yote. Halafu Kibwana akaita kutoka juu akiuliza picha ikoje, ukajibu ina ukungu, nami nikashukuru kusikia neno hilo. Nilikuwa na magauni ya kwaya nzima ya kumaliza, na mama alikuwa hata mwaka hajatimiza kaburini, na sikuwa na nguvu za kukupeleka hospitali nikae tena kwenye benchi lile nililokaa naye. King'amuzi kilikuwa kitu cha kurudishwa dukani tu. Kibwana aliposhuka akasema kweli yake, nilicheka kwa nguvu kuliko wote ili isisikike.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, baba. Hukunifichia kutojua, ulinifichia jambo baya zaidi ya hilo, bila wewe kulijua, na nimeona si haki ulale ukimkumbuka binti ambaye si mimi.

Lala. Msalimie mama, na umwambie yeye pia.

Ni mimi, mwanao wa mwisho,
Kalunde