Kikombe chenye Uzi Mwekundu

Jumatatu, 3 Juni
Nimekata mkonge tangu alfajiri. Mgongo umekwisha. Yustina bado anakohoa. Lupus yake naijua: uso mwekundu, viungo vinauma, vidonge kila siku. Kikohozi ni kipya. Hapa kambini anayekohoa ana TB. Kikombe cha mke wangu nimekifunga uzi mwekundu, nisije nikakosea. Nalala chumba cha nje.

Jumatano, 5 Juni
Zahanati wamempima makohozi. Wanasema si TB. Siwaamini. Wamempa barua, yeye anasema ni ya dawa tu. Hakunionyesha. Ananificha kitu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimerudi mchana. Mlango umefungwa. Ndani yumo Bi Mize, jirani yetu Mpemba, muuza mchele. Walikuwa wananong'ona, wakanyamaza. Nyumba inanuka karafuu. Mgongoni kwa Yustina kuna kiroba cha mchele. Cha nini? Amemnywesha nini? Nimemfukuza Bi Mize. Sijuti.

Jumamosi, 8 Juni
Nimepekua. Barua ilikuwa chini ya godoro. Aende hospitali ya Muheza haraka, apigwe picha ya kifua. Siku tatu imelala pale. Nimemuuliza kwa nini. Kasema mimi ndiye niliyeapa kwamba akizidiwa namrudisha Kasulu kwa mama yake. Ni kweli. Niliapa.

Bi Mize akasikia, akasimama mlangoni: "We mwanamme! Wiki mbili mkeo hawezi kulala, akijilaza tu pumzi yakata. Nawe kutwa wafunga nyuzi vikombe!"

Kiroba ni cha kumwegemeza. Karafuu ni za chai. Tumeondoka saa ileile, Bi Mize pamoja nasi.

Jumapili, 9 Juni
Wodini. Maji yamejaa kuzunguka pafu la kushoto. Daktari anasema ni lupus: kinga ya mwili inaupiga mwili wenyewe, sasa imefika kwenye mapafu. Haiambukizi. Nimemuuliza mara tatu. Wameyatoa kwa sindano, ya manjano, mengi. Daktari akauliza tangu lini Yustina anashindwa kujilaza. Akanitazama mimi, mume. Amejibu Bi Mize.

Alhamisi, 13 Juni
Bado yuko kwenye oksijeni. Leo amejilaza kidogo. Daktari hasemi lini atatoka. Yustina ameomba chai, akanywa nusu, akakisogeza kikombe chake mbali nami, kama nilivyomzoeza. Nimekichukua. Nimekunywa iliyobaki, imepoa. Fundo la uzi lilikataa kufunguka. Nimelikata kwa meno.